Shoga wa Sokoni na Shoga wa Vitabuni

Sokoni Malindi ukimsikia mwanamke akimwita mwenzake “shoga yangu”, usishtuke, msomaji wangu. Ni rafiki yake wa chanda na pete. Neno lilo hilo likielekezwa kwa mwanamume, hugeuka tusi.

Januari 2014 Binyavanga Wainaina alichapisha insha aliyoiita sura iliyopotea ya kumbukumbu zake za 2011. Humo anafika kitandani pa mamaye mahututi na kumwambia kwamba yeye ni shoga. Kwa kweli hakuwahi kufika; mama alifariki mwana akiwa mbali. Tukio ni la kubuni, uchungu ni halisi, na hapo ndipo ilipo nguvu ya insha ile. Lakini aliiandika kwa Kiingereza. Vivyo hivyo Monica Arac de Nyeko wa Uganda, mshindi wa Tuzo ya Caine 2007 kwa “Jambula Tree”, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana.

Wenzangu wengine hudai Kiswahili hakina msamiati wa mambo hayo. Wapi! Kinao tele: basha, hanithi, msagaji. Ila hanithi ni upungufu, na msagaji ni kitendo tu, hamna mapenzi ndani yake. Sasa kijana wa Kilifi anayetaka kusimulia kwa nafsi ya kwanza ajiiteje bila kujitukana?

Wanuri Kahiu alipoigeuza hadithi ya Arac kuwa filamu mwaka 2018, aliipa jina *Rafiki*. Ikapigwa marufuku nchini, jina lake la upole halikuifaa kitu. Mimi ningemtuma kijana yule sokoni Malindi, akasikilize akina mama wanavyolitamka “shoga”.