Kinshasa–Kisangani: Saa Moja Inayopotea kwenye Tiketi

Chukua tiketi ya mfano: ndege inaondoka Kinshasa 10:00, inafika Kisangani 13:00. Ya kurudi inaondoka 14:00 na kufika 15:00. Abiria anahesabu saa tatu za kwenda na moja ya kurudi, kisha anaapa kuwa ndege ya kurudi ina mbio zaidi. Zote zimetumia saa mbili. Kinshasa inafuata saa za magharibi ya nchi, Kisangani, mkoani Tshopo, za mashariki, na kati yake kuna tofauti ya saa moja. Kila tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo.

Umbali wenyewe hauna ujanja. N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, uko digrii 4.39 kusini na 15.44 mashariki; Bangoka, ule wa Kisangani, digrii 0.48 kaskazini na 25.34 mashariki. Ndege inasogea digrii 4.87 kwenda kaskazini na 9.90 kwenda mashariki. Kwingineko hapa ndipo kichwa kingeanza kuuma, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha za dunia: kule Oslo digrii moja ni kama kilomita 56 tu. Jirani na ikweta ni karibu 111, sawasawa na ya latitudo, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras ya shuleni inatosha. Inatoa kilomita 1,227. Fomula kamili ya tufe inatoa 1,226. Tofauti hiyo ni fupi kuliko njia ya kurukia ya Bangoka, yenye mita 3,500! Kwa Mto Kongo, pamoja na mizunguko yake yote, ni zaidi ya 1,700.

Muda ndio wenye mambo. Airbus A320 ikishafika juu hukata kama kilomita 830 kwa saa, yaani dakika 89 kwa umbali huu. Ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka na kujipanga kutua. Dash 8 Q400 ya mapangaboi, yenye kasi ya 650 hivi, inachelewa kwa chini ya nusu saa tu.

Upepo wa juu hapa hauna nguvu kama ule wa Atlantiki, hivyo kwenda na kurudi karibu ni sawa. Kinachoharibu ratiba ni mawingu ya radi, marefu kuliko ndege inavyoweza kupanda. Kuyazunguka kwa kilomita 100 za ziada ni dakika saba, si kitu. Radi ikikaa juu ya uwanja ni habari nyingine: tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya shirika la Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka ikijaribu kutua Bangoka katika hali mbaya ya hewa, na zaidi ya watu 70 wakafa. Dakika za kuzunguka angani kungoja mvua ipite hazimo katika hesabu ya umbali, lakini mafuta yake, pamoja na ya kufika uwanja mwingine, lazima yawe tangini kabla ndege haijaondoka N'djili.