Ufundi wa Kumzindua Mtoto

Mtoto wa Magole, wilayani Kilosa, akihitaji upasuaji, wazazi huanzia kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Wengine hushika njia ya Kilosa mjini, kwenye hospitali ya wilaya. Wengine huelekea hospitali ya misheni ya Berega. Iwe ngiri au mkono uliovunjika kwa kuanguka mwembeni, atakayeshukuriwa kijijini ni mpasuaji. Mtaalamu wa usingizi, aliyeilinda pumzi ya mtoto muda wote, hatajwi.

Na ufundi wake huonekana zaidi wengine wakishavua glavu.

Mtoto mdogo, hasa wa miaka 2 hadi 5, anaweza kuzinduka kutoka nusu kaputi kama aliyepagawa. Anapiga mayowe, anarusha mateke, anavuta dripu, anamsukuma hata mama yake. Macho yako wazi ila hayamtambui mtu. Mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa, wala baadaye hakumbuki. Mama ndiye hasahau.

Mtafiti Eckenhoff na wenzake waliieleza hali hii huko Marekani mwaka 1961. Ilizungumzwa zaidi ilipoenea sevoflurani, dawa ya kuvuta inayolaza upesi na kuachia upesi. Mwaka 2004 watafiti Sikich na Lerman walitoa kipimo cha hali hiyo chenye vigezo 5, na kimojawapo kinauliza tu: je, mtoto anamtazama mlezi wake machoni? Hapo hakuna mashine inayohitajika, ila mtu wa kukaa kando ya kitanda.

Dawa za kupunguza fujo hiyo zipo. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014, yaliyojumlisha tafiti 158, yaliona manufaa ya propofoli, fentanili na klonidini. Pia ketamini, mkongwe wa hospitali za vijijini. Ajabu ni kwamba kuwapo kwa mzazi mtoto anapozinduka hakukuonekana kuipunguza. Hata hivyo mzazi aitwe tu, maana akili ikirejea mtoto atamtafuta yeye, si daktari.

Fundi hodari wa usingizi huanza mapema. Humwacha mtoto mapajani mwa mama kadiri inavyowezekana, kwa kuwa anayelala na hofu huelekea kuamka na fujo. Kwa ngiri, huchoma sindano ya ganzi sehemu ya chini ya uti wa mgongo ili maumivu yasitangulie fahamu. Baadaye hamtikisi mtoto wala hamwiti kwa sauti kubwa. Na mama ameshaambiwa: “Akiamka anaweza kukukataa, mama. Ni dawa hiyo, itapita.” Sentensi hiyo haina bei, na kuisahau ni uzembe.

Shida ni mikono michache. Mjamzito wa upasuaji wa dharura akifika, mtaalamu huyohuyo ndiye anayeitwa. Mtoto hubaki na muuguzi wa wodi, ambaye lazima aambiwe mtoto amepewa dawa gani, saa ngapi, na kama ameshamtambua mama yake.