Kilichogombewa kwa Walker si mfarishi tu

Wanafunzi wa fasihi hukubaliana upesi mno kuhusu 'Everyday Use', hadithi fupi ya Alice Walker iliyochapishwa mwaka wa 1973. Waulize nani mbaya, darasa zima litajibu: Dee. Nani mwema? Maggie. Kisha vitabu vinafungwa, watu wanakwenda kunywa chai. Usomaji huo si wa uongo, lakini unaiacha nje sehemu nono ya hadithi yenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, kisa ni hiki. Mama Mmarekani Mweusi anaishi mashambani, kusini mwa Marekani, na bintiye Maggie, msichana mwenye haya na makovu ya moto ulioteketeza nyumba yao ya awali. Binti mkubwa, Dee, aliyesomeshwa hadi chuoni, anakuja kuwatembelea akiwa na mwanamume, kamera na jina jipya. Anaipiga picha nyumba ya aina ile ile aliyokuwa akiionea aibu. Anataka kifuniko cha chombo cha kusukia maziwa, eti akapambie meza. Kisha anafungua kasha lililo miguuni pa kitanda cha mamake na kuibuka na mifarishi miwili.

Neno mfarishi najua litawakwaza baadhi yenu. Ni tandiko au blanketi la matabaka lenye kitu laini katikati, likashonwa juu hadi chini ili matabaka hayo yasihame. Kamusi zetu zinalo, ila vinywa vyetu vimelisahau. Mifarishi ya Walker ni ya viraka. Kuna vipande vya magauni aliyoyavaa Nyanya Dee miaka 50 na zaidi iliyopita, vipande vya mashati ya babu, na kimoja cha samawati iliyopauka, kidogo kama kibiriti, kilichotoka kwenye sare ya babu mkuu aliyepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Nyanya Dee aliviunga viraka. Mama na dadake wakamalizia kazi barazani.

Dee anataka kuitundika ukutani. Mama alishamwahidi Maggie kuwa atapewa akiolewa. Dee anang'aka: Maggie ataitandika kitandani kila siku, na baada ya miaka 5 itakuwa matambara! Mama anamjibu kwa utulivu kwamba Maggie anaweza kushona mingine. Anajua kushona.

Hapo ndipo wengi wetu husimama na kusema kuwa mgogoro ni kati ya kutumia na kutundika. Mimi naona swali liko kwingine. Nguo iliyoshonwa kwa mkono haiwi na thamani ya moyoni kwa sababu ni kuukuu, wala kwa sababu imeshonwa bila cherehani. Thamani hiyo hushikiliwa na mtu anayeweza kuweka kidole juu ya kiraka na kusema kilikuwa cha nani. Mtu huyo akiondoka bila kumfundisha mwingine, kinachobaki ni kitambaa chenye rangi nzuri.

Hebu tazama tukio la ule mchi wa kusukia maziwa. Mwanamume aliyekuja na Dee anauliza kuhusu aliyeuchonga. Anayejibu ni Maggie, kwa sauti ya chini: ni mume wa kwanza wa shangazi yao, jina lake Henry, ila watu walimwita Stash. Dee anacheka na kusema ubongo wa Maggie ni kama wa ndovu. Ni dharau iliyovikwa sifa. Anachukua mchi, habari zake anaziacha palepale mezani. Kwangu mimi, kesi ya mifarishi iliamuliwa hapo, hata kabla kasha halijafunguliwa.

Tuje kwenye jina, maana hapa msomaji wa Kenya ana nafasi ambayo wahakiki wengi wa ng'ambo hawana. Dee amejiita Wangero Leewanika Kemanjo kwa kuwa hataki jina la waliowakandamiza wazee wake. Hoja hiyo ina uzito, na asiibeze mtu. Lakini Wangero ni jina gani? Lina harufu ya Kikuyu, na wapo wahakiki wanaoliona kuwa ni Wanjiru aliyepotea njia. Leewanika inamkumbusha mtu Lewanika, mfalme wa Walozi wa Zambia ya leo. Salamu anayoitoa akishuka garini ni ya Kiganda, tena iliyovunjika. Yaani jina lake na salamu yake ni mfarishi pia! Tatizo ni kwamba kila kiraka kimetoka kwa mtu asiyemjua.

Na kuna kinaya kingine. Mama anamweleza kuwa aliitwa Dee kwa ajili ya shangazi yake, naye shangazi kwa ajili ya nyanya, na mama angeweza kuendelea kurudi nyuma hadi kabla ya vita vile. Muulize Mkikuyu yeyote jinsi msichana anavyopewa jina. Wa kwanza humrithi nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Kumbe jina Dee, la Kizungu lilivyo, lilikuwa limerithishwa kwa namna ambayo nyanya zetu huku wangeitambua mara moja. Dee ameuacha utaratibu uliofanana na wa Afrika akakimbilia sauti ya Afrika.

Hata hivyo, sitaki kumzika Dee. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani jimboni Georgia mwaka wa 1837, alishona mfarishi wa visa vya Biblia. Shida zilipombana mwanzoni mwa miaka ya 1890, alimuuzia mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, kwa dola 5, ingawa yeye alitaka 10. Baadaye alikuwa akirudi kuutazama, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mwana aliyelelewa kwingine. Leo mfarishi huo uko katika makavazi ya Smithsonian, Washington. Ungetandikwa kila siku, tusingekuwa nao. Lakini Smith hakuchukua kitambaa peke yake. Aliandika maelezo ya Powers kuhusu kila picha iliyoshonwa. Dee angefanya hivyo kwa Maggie, ningemtetea mbele ya darasa lolote.

Huku kwetu nako tuna kasoro hiyo. Leso yenyewe inasimuliwa kuwa ilianza kwa wanawake wa Pwani kuunga leso za mkononi, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja. Kofia ya viua bado inatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono huko Lamu, na mvaaji anajua bei yake. Jina la aliyeidarizi halijui. Na mzee akifariki, shamba linagombewa, cherehani inagombewa. Lile kopo la Kimbo lenye sindano, vifungo visivyofanana na masalio ya nyuzi linatupwa siku ya kufagia. Subana iliyomo ndani, kile kikofia cha kidole kinachomkinga mshonaji asijichome, vijana wengi hawaijui kwa macho wala kwa jina.

Nina lalamiko moja kwa Walker mwenyewe. Amempendelea mama kwa kumpa usimulizi wote, akamfanya Dee kichekesho, na uamuzi wa mwisho akauleta kama upako wa kanisani. Maggie alikuwa ameshasema dadake aichukue, kwa kuwa yeye anaweza kumkumbuka Nyanya Dee bila mifarishi. Hayo ni maneno mazito kuliko yote hadithini, na hakuna anayeyajibu. Mama anainyakua tu na kumtupia Maggie mapajani. Kisha wawili hao wanaketi uani hadi saa ya kulala. Katika hadithi nzima Maggie hashiki sindano hata mara moja. Tunaambiwa tu kwamba anajua, ilhali mimi ningependa kuiona ile mikono yenye makovu ikivuta uzi.