Udi, Jina na Ukimya: Mkimbizi wa Gurnah Mbele ya Sheria

Mzee wa miaka 65 anasimama mbele ya afisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Gatwick. Katika begi lake mna kisanduku cha udi. Pasipoti aliyoishika ina jina lisilo lake. Kiingereza anakijua vizuri, lakini aliyemuuzia tiketi alimuusia asikitamke. Basi hutoa maneno machache tu, ya kujitaja kuwa mkimbizi na ya kuomba hifadhi. Hivyo ndivyo Saleh Omar anavyoingia Uingereza katika By the Sea (2001), riwaya ya sita ya Abdulrazak Gurnah.

Wengi walioisoma riwaya hii wameanzia kwenye udi, na haki yao. Afisa, Kevin Edelman, anakikuta kisanduku, anakinusa, kisha anakichukua. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kilichopotea hapo: nguo zilizofukizwa, chumba cha bibi harusi, baraza la wageni. Lakini kuusoma udi huu kama harufu ya nyumbani tu, kumbukumbu safi ya mtu aliyedhulumiwa, ni kuusoma nusu. Udi wa Saleh unatokana na urafiki na biashara yake na Husayn, mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za musimu. Na ni mikopo ya Husayn iliyomtia Saleh katika shauri la nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud, na kuitoa nyumba hiyo mikononi mwa wenyewe. Jina lililomo katika pasipoti ni la Rajab Shaaban huyo huyo. Edelman, bila kujua, anapora kielelezo cha kesi ambayo hakuna atakayemwuliza Saleh habari zake.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi aliyeingia bila idhini, akiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari na kujitokeza bila kukawia. Kwa kipimo hicho, mzee amepokewa: hakurudishwa, amepata wakili, na baadaye makazi katika mji mdogo wa ufukweni. Jeraha linatoka mahali ambapo kifungu hakifiki. Edelman mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania, na anamweleza mzee kwamba wazazi wake walikuwa na haki ya kuja kwa kuwa ni Wazungu, watu wa familia. Gurnah hamfanyi zimwi. Anampa sauti ya upole, hata ya uchovu, na ndiyo maana maneno yake hayasahauliki. Aliyeingia jana anafunga mlango kwa kudai undugu na mwenye nyumba.

Riwaya ilitoka wakati Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999 ilipokuwa imeanza kuwatawanya waombaji hifadhi katika miji mbalimbali ya Uingereza na kuwapa vocha badala ya fedha za matumizi. Mwaka 2002 vocha ziliondolewa. Mwaka huo huo uliondolewa pia utaratibu uliomruhusu mwombaji kuomba kibali cha kazi baada ya kungoja miezi 6. Waswahili wana methali ya mgeni na jembe, ambayo mara nyingi hutumiwa kumsuta mgeni asiyeondoka. Inafaa kusomwa upande wa pili pia: siku ya tatu mwenyeji ana wajibu wa kutoa jembe. Nchi inayomweka mtu katika ugeni miaka nenda rudi, kisha ikamlaumu kwa kutolima, imekiuka sharti lake yenyewe. Saleh, aliyekuwa muuza samani hodari, huzurura katika maduka ya samani ya mji wake mpya akitazama. Gurnah hasemi zaidi, wala hahitaji.

Kinachobishaniwa zaidi ni ukimya wake. Wapo wanaouona kuwa hila, na ndani ya hadithi wakili wake Rachel Howard anakasirika akigundua kwamba mteja wake alikuwa akielewa kila neno. Ukimya huo, hata hivyo, ndiyo haki pekee ambayo Saleh hajapewa na mtu. Mfumo wa hifadhi hutaka kisa: hofu yenye msingi, mtesi anayejulikana, tarehe zisizogongana. Kisa cha Saleh hakiwezi kukaa katika fomu, kwa kuwa ndani yake yeye ni mfungwa aliyeonewa na pia ni mdai aliyechukua nyumba ya wengine. Anakisimulia hatimaye kwa Latif, mtoto wa Rajab Shaaban, mhadhiri wa London aliyetafutwa awe mkalimani na kukuta jina la baba yake juu ya karatasi za mtu mwingine. Latif naye ana ushahidi wake, na haulingani. Kukaa pamoja kwa watu hawa wawili, usiku kwa usiku, kunafanya kazi ambayo ofisi zote za riwaya hazikuiweza.

Hapo pia pana udhaifu. Salha, mke wa Saleh, anafariki mumewe akiwa kifungoni. Asha, mama wa Latif, anabaki katika kashfa anazosimuliwa. Wanaume wawili wanasuluhishana juu ya maisha ya wanawake ambao hawakuulizwa, na riwaya inayojali sana nani anaruhusiwa kusema ingeweza kulitazama hilo kwa ukali zaidi.

Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, imeonyesha jinsi Gurnah anavyosikika katika lugha ya wahusika wake. Ukurasa wa Gatwick ungekuwa mgumu kuliko mingi. Neno la Kiingereza analolitamka Saleh hutaja mahali pa usalama. Mkimbizi, kwa Kiswahili, hutaja mbio za miguu yake. Mzee wa Kiswahili anayejifanya hajui Kiingereza, ndani ya kitabu cha Kiswahili, mfasiri atamtamkisha neno gani pale kaunta?