Kushoto Kwanza au Kulia?

Mstari x = x + 1 humshangaza yeyote anayetoka darasa la hesabu, maana hakuna namba inayolingana na yenyewe ikishaongezwa moja. Kompyuta haishangai. Inakokotoa upande wa kulia, kisha inaipa x thamani iliyopatikana. Fortran ya mwaka 1957 iliazima alama hiyo ya hesabu, C nayo ikafuata; ALGOL ikachagua := ili kuepusha utata.

Hayo kitabu chochote cha wanaoanza kitayaeleza. Mwenye kibarua ni mwandishi wa mwongozo rasmi wa lugha, kwa sababu hamwandikii mgeni peke yake. Anamwandikia pia fundi atakayeunda programu ya kuiendesha lugha hiyo, na fundi akikuta pengo hulijaza kwa akili yake. Fundi mwingine atalijaza kivyake.

Ripoti ya ALGOL 60, iliyohaririwa na Peter Naur, haikuacha pengo hilo. Baada ya kutoa sarufi ya sentensi ya kupeana thamani, kwa mtindo wa kanuni uliotokana na John Backus, inaeleza utekelezaji wake kwa hatua tatu tu: faharasa za upande wa kushoto zikokotolewe kwa mfuatano, kisha usemi wa kulia, mwisho thamani iwekwe kwenye vigeu vyote vilivyotajwa. Ukavu wa maelezo hayo ndio uzuri wake.

Mwongozo wa Python nao unasema wazi, ila umeamua vingine: kulia kwanza, halafu vinavyopokea kimoja kimoja kuanzia kushoto. Chukua orodha x yenye [5, 5], na i ikiwa 0. Andika i = x[i] = 1. Python inaipa i thamani 1 kwanza. Ikifika kwenye x[i], i si 0 tena, kwa hiyo kinachobadilika ni kipengele cha pili na orodha inakuwa [5, 1]. Kwa utaratibu wa ALGOL faharasa ingekuwa imeshashikwa i ikiwa bado 0, na kingebadilika cha kwanza. Majibu ni mawili, na hakuna lililokosea, maana kila lugha ilitangaza zamu zake mapema.

C ina ungwana wa aina yake: kwa mstari kama a[i] = i++, kiwango chake kinatamka kwamba tabia yake haikufafanuliwa. Msomaji ameonywa, akiuandika, shauri yake.

Python ilipoongeza := ya kupeana thamani ndani ya usemi, katika toleo 3.8 la mwaka 2019, mjadala ulikuwa umewaka kiasi kwamba Guido van Rossum aliachia uongozi wa lugha hiyo Julai 2018, muda mfupi baada ya kuidhinisha pendekezo lenyewe. Waandishi wa maelezo walibaki na kazi ya kuweka mipaka: x := 5 ikisimama peke yake kwenye mstari inakataliwa, (x := 5) inapita.