Mtungi Unaotoka Jasho

Ushike mtungi wa maji saa nane mchana: mkono utarudi umelowa. Mtungi haujapasuka. Unatoka jasho, na jasho hilo ndilo alilolikusudia mfinyanzi tangu alipochimba udongo.

Wanawake wa Kikisi, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wanaijua kazi hii kwa ncha za vidole. Udongo hupondwa, vijiwe huokotwa, kisha hukandwa mpaka ushikane. Kuta hupandishwa kwa mkono, husuguliwa zikalainika, na chombo huachwa kikauke taratibu. Hapa ndipo haraka haina baraka. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakikutana na moto ghafla hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Usipopata pa kutokea, chombo hupasuka. Kwa hiyo mfinyanzi huyaaga maji polepole, siku baada ya siku, ndipo awashe moto.

Moto wenyewe hupimwa kwa jicho. Ukipungua, mtungi utarudi kuwa tope. Ukizidi mno, udongo huanza kuyeyuka na vinyweleo vyake huziba. Ustadi uko katikati: mtungi uyashike maji, lakini usiyashike yote.

Yale machache yanayopenya hadi nje huchukuliwa na upepo. Maji hayageuki mvuke bure. Kila gramu huondoka na juli zipatazo 2,400 za joto. Joseph Black, aliyelichunguza jambo hili Glasgow miaka ya 1760, aliliita joto fiche, kwa kuwa kipimajoto hakilioni. Katika mtungi wa lita 10, jasho la gramu 100 tu, likichota joto lake lote kwenye maji yaliyobaki, huyapoza kwa nyuzi zinazokaribia 6. Ndiyo maana mtungi hupoza vizuri Dodoma kwenye ukavu kuliko Tanga wakati wa masika: hewa iliyokwisha shiba unyevu haina pa kuliweka jasho jingine.

Basi ukinunua mtungi, usiupake rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni. Utaziba kwa brashi njia aliyoiacha mfinyanzi kwa makusudi, na maji yako yatakuwa vuguvugu kama ya ndoo.