Namna ya Kumpima Mkufunzi wa Farasi

Ubishi kati ya wafuasi wa njia ya asili na wapanda farasi wa jadi mara nyingi huishia kwenye vifaa. Huyu anamshika farasi kwa kamba ya kichwa tu, yule anamtia lijamu. Huyu anamwacha peku, yule anampigia viatu vya chuma. Ukimchagua mkufunzi kwa kutazama vifaa, iwe Nairobi, Muscat au Texas, utadanganyika. Kipimo changu ni kingine: natazama ni lini anaacha kumshinikiza farasi, kisha nasoma mwili wa farasi mwenyewe.

Pande zote mbili zina asili ya heshima. Njia iitwayo ya asili ilikulia magharibi mwa Marekani, kwa wachunga ng'ombe waliochoka kuona farasi wachanga wakivunjwa nguvu kwa kamba na mijeledi. Tom Dorrance na Ray Hunt ndio wazee wake. Kitabu cha Hunt kilitoka 1978, cha Dorrance 1987. Monty Roberts na Pat Parelli wakaifikisha kwa umma. Jadi ya Ulaya nayo si jadi ya ukatili. Xenophon wa Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuonya kwamba farasi asiendewe kwa hasira. Mfaransa François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake cha 1733, alieleza mazoezi ya kumlainisha farasi hatua kwa hatua, na Shule ya Kihispania ya Kupanda Farasi ya Vienna inamheshimu hadi leo.

Anaachia lini?

Hapa ndipo ustadi ulipo, na hapa usiwe na haraka. Njia zote mbili hutumia shinikizo: mguu ubavuni, kigwe mkononi, kamba inayotikiswa, au mwili wa mtu unaosogea. Farasi hufahamu alichotakiwa pale shinikizo linapokoma. Kwa hiyo mkazie macho mguu wa mpandaji. Ukibana na farasi akapiga hatua, mguu huo ulegee kabla ya hatua ya pili. Ukiendelea kubana, farasi anaona kutii hakumletei nafuu. Atakuwa mzito wa ubavu, kisha zitaletwa spuri, vyuma vya kisigino vya kumchoma ubavuni. Atakuwa mgumu wa kinywa, kisha italetwa lijamu kali zaidi.

Ua wa duara wa njia ya asili upime vivyo hivyo. Farasi anakimbizwa humo bila kupandwa, sikio la upande wa ndani linamgeukia mtu, mwendo unapungua. Mkufunzi hodari anatulia papo hapo. Asiyejua anamkimbiza mizunguko mingine kwa kuwa watazamaji bado wanataka kuona. Utaambiwa pia kwamba farasi akilamba midomo na kutafuna hewa basi amekubali. Usiipokee kauli hiyo kirahisi. Mara nyingi ulambaji huo huja hofu inaposhuka, basi uliza kwanza ni nini kilichomtia hofu.

Uso unasema nini?

Farasi aliyetulia na farasi aliyekata tamaa wote wawili husimama kimya. Aliyetulia hupepesa macho, huzungusha sikio kufuata sauti, na hugeuza kichwa ukimkaribia. Aliyekata tamaa hukodoa macho bila kutazama kitu. Unaweza kumtupia kamba mgongoni mara kumi asitikisike, na watu wakapiga makofi. Hiyo si sifa ya mkufunzi.

Kwa wapanda wa jadi, kagua ukanda wa pua. Vidole viwili vya mtu mzima vipite chini yake, juu ya mfupa wa pua. Visipopita, ukanda umefungwa ili kinywa kisifunguke na maumivu yasionekane. Mkia unaopigwapigwa huku na huku wakati wa kupandwa nao ni malalamiko.

Mgongo na kwato

Omba kuwepo tandiko linapovuliwa. Jasho linapaswa kulingana kushoto na kulia. Sehemu ndogo kavu katikati ya jasho mara nyingi ni mahali palipobanwa sana. Kisha papasa nywele nyuma ya mabega: vidoa vyeupe kwa farasi wa rangi ya giza mara nyingi ni kovu la tandiko lililombana zamani, hata kama leo amevalishwa jipya la bei kubwa.

Kuhusu viatu, nawasihi wapenzi wa pande zote wapunguze itikadi. Kwato huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, zenye viatu na zisizo navyo. Farasi peku anayepita njia ya mawe bila kuchechemea yuko vizuri. Anayechagua pa kukanyaga kila hatua anaumia, na mwenye busara atampigia viatu, au atamvalisha viatu vya kuvuliwa, bila kuona aibu.

Anaishije asipopandwa?

Katika malezi, naegemea wazi upande wa asili. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, hivyo tumbo tupu kwa saa nyingi humletea vidonda. Farasi wa kilo 500 anahitaji majani makavu yasiyopungua kilo 7.5 kwa siku, wenzake wa kukaa nao, na nafasi ya kutembea. Kumfungia bandani peke yake siku nzima ni kosa, hata bandani pakiwa pasafi namna gani. Katika kupanda, jadi ndiyo inayoniridhisha: inamdai mpandaji ajenge kikao chake kwa miaka kabla ya kumlaumu farasi.

Kabla ya kulipa, usiombe kuonyeshwa farasi mchanga aliyefunzwa kwa saa moja mbele ya umati. Omba kuonyeshwa farasi mzee ambaye mkufunzi huyo amempanda kwa miaka mingi. Mtazame anavyotembea, mpapase mgongo, mwinue kwato. Halafu mwambie mkufunzi aende malishoni kumchukua, nawe utazame kama farasi anamjia au anamgeuzia makalio.